Chai ya kikombe au ya sahani

Daftari langu la kazi lina pande mbili. Kwa mbele kuna majina ya dawa, magonjwa na viungo vya mwili, Kiingereza kushoto, Kiswahili kulia. Ukiligeuza na kulifungua kwa nyuma utakuta orodha nyingine, ambayo wakala wangu hajapata kuiona: maneno ya Kiingereza yanayonikera. Niliianza wiki ile ile niliyoanza ukalimani wa simu, nikiwa Sheffield, kaskazini mwa England, nimekaa kitandani na hedifoni masikioni kwa sababu chumba kilikuwa hakina nafasi ya kiti.

Namba moja ni "aks". Namba mbili "literally". Namba tatu "haitch". Namba nne nimeikata kwa wino mwekundu, nitaeleza kwa nini. Neno lililonitia aibu kuliko yote halimo. Halikuwahi kunikera.

Nimekulia Tanga, nikasoma sekondari yenye kibao getini kilichotangaza kwamba ndani ni Kiingereza tu. Mwalimu wetu alikuwa na masikio makali. Herufi H ni "aitch", alisema, na atakayeitilia pumzi mbele atasimama mpaka kengele ilie. Tulisimama sana. Nilitoka pale na Kiingereza kilichopigwa pasi. Wengine wana cha kuombea maji. Changu ungeweza kuombea hata samli.

Basi nilipofika Uingereza nikawasikia wenye lugha yao wanasema "haitch", na "I were", na "them things", nilijihisi kama mtu aliyefunga mwezi mzima kisha akamkuta aliyemfundisha kufunga anakula muhogo saa sita mchana. Mwenzangu mmoja wa Belfast alinicheka. Kwao, alisema, herufi hiyo haina mzaha: "haitch" ni alama ya Mkatoliki, "aitch" ya Mprotestanti, na kuna watu walioizungumza alfabeti kwa tahadhari kubwa kutegemea nani anasikiliza. Nikamwambia mimi ilinisimamisha nusu saa bila hata dini kuhusika.

"Aks" ni habari ndefu zaidi, na si nzuri kwangu.

Kwenye mafunzo ya wakalimani tulikuwa na dada mmoja, mzaliwa wa Birmingham, wazazi wake Wajamaika. Alikuwa hodari kuliko sisi sote, lakini kila akitaka kuuliza jambo alisema "let me aks you", badala ya "ask". Kila aliposema, mimi nilikunja uso kama niliyeuma ndimu. Siku moja nikamsahihisha, kwa ule upole wa kinafiki ambao sisi watu wa pwani tunaujua. Hakukasirika. Alinitazama tu, akaniambia nikasome Biblia.

Nilidhani ananitukana. Nilipotafuta nikakuta kwamba katika Biblia nzima ya kwanza kuchapwa kwa Kiingereza, ya mwaka 1535, pale ambapo sisi tunasoma "Ombeni, nanyi mtapewa", neno lililoandikwa ni "axe". Matamshi yote mawili yalikuwapo tangu Kiingereza cha kale, yakitembea bega kwa bega kwa karne nyingi. Baadaye moja likavalishwa suti na jingine likabaki kwa watu ambao hawakualikwa kwenye suti.

Ningeishia hapo ningeonekana mtu aliyejifunza historia. Lakini kulikuwa na mwanafunzi mwingine darasani, Mwingereza mweupe, aliyekuwa akisema "pacific" kila alipotaka kusema "specific", na kahawa yake ilikuwa "expresso". Huyo sikumwandika kwenye daftari. Nilimwona mcheshi. Nilikaa na jambo hilo wiki nzima na sikulipenda.

"Literally", yaani "kwa maana halisi kabisa", nayo nisingependa kuipa muda. Mtu anasema "literally nimekufa" na yuko mbele yako anakula chipsi. Kamusi kubwa ya Oxford iliingiza matumizi hayo mwaka 2011, magazeti yakaja kushtuka mwaka 2013 na kupiga mayowe kana kwamba lugha imeibwa usiku. Mimi ni wa upande wa waliopiga mayowe, hata kama najua hayasaidii. Mwaka 1710 Jonathan Swift, padri na mwandishi wa Dublin, alilalamika gazetini kwamba amejitahidi kwa miaka kulizuia neno "mob", yaani kundi la watu wenye ghasia, ufupisho wa kihuni wa maneno ya Kilatini. Leo "mob" linaandikwa mahakamani bila mtu kupepesa jicho.

Sasa nieleze kazi yenyewe, maana hapo ndipo maneno yanapoota meno. Mkalimani hasemi "daktari anasema kwamba". Anasema "mimi", kama daktari, kisha anageuka kuwa mgonjwa na kusema "mimi" tena. Hapunguzi, haongezi. Mtu wa kawaida neno likimkera atalipuuza. Mkalimani lazima alibebe, alivushe ng'ambo, alikabidhi kwa mkono. Hapo ndipo nilipogundua ni takataka kiasi gani wanadamu wanasafiri nazo katika sentensi.

(Visa ninavyosimulia ni vya kweli kwa maana yake, nimebadilisha mambo madogo madogo ili mtu asitambulike. Kiapo cha kazi ni kiapo.)

Chukua "I'm afraid". Mwingereza akikupa habari isiyopendeza, hata ndogo, husema kwanza kwamba anaogopa. Anaogopa daktari ametoka. Anaogopa sukari imekwisha. Wiki yangu ya pili, daktari akasema anaogopa majibu ya damu yamechelewa, nami, mwaminifu kama kioo, nikasema: "Naogopa majibu ya damu yako yamechelewa." Mama wa watu akanyamaza, kisha akauliza polepole, "Kama daktari anaogopa, mimi nifanye nini?" Tangu siku hiyo nasema "kwa bahati mbaya" au "samahani", na hofu nawaachia wenyewe.

Halafu kuna "pop" na "for me". Sijui ni nani aliyewafundisha wauguzi wa nchi hii kwamba mgonjwa hawezi kukaa, kulala wala kuvua, lazima a-"pop". "Pop" juu ya kitanda, "pop" mkono hapa, "pop" blauzi pembeni. Na kila kitu anafanyiwa muuguzi: "lift your arm for me", "open your mouth for me". Kwa Kiingereza ni upole. Kwa Kiswahili, sauti ya daktari wa kiume ikipitia kwenye koo langu ikamwambia mke wa mtu "nivulie blauzi", hiyo si zahanati tena. Nilijaribu "kwa ajili yangu", ikawa mbaya zaidi. Siku hizi nasema "naomba uvue blauzi, mama", nalo neno "mama" ndilo linalofanya kazi yote ya "pop" na "for me" kwa pamoja.

Nimefika kwenye namba nne. Sheffield kila mtu ni "love". Dereva wa basi, muuza samaki, mzee wa miaka themanini, fundi bomba mwenye tatuu shingoni. Wanaume huwaita wanaume wenzao "love" bila mtu kugeuka. Nilipolisikia mara ya kwanza nililiandika kwa hasira: sijakupa ruhusa. Kisha siku moja mpokezi wa kliniki, mwanamume kwa sauti yake, akamwambia mchungaji wa Kikongo mwenye umri wa kunizaa, "Come in, love, sit down." Sheria inasema hapunguzi, haongezi. Nikasema, "Karibu ndani, mpenzi, keti."

Kimya cha simu kina uzito wake. Hiki kilikuwa na uzito wa gunia la mbaazi.

Niliangua kicheko baadaye, lakini usiku nikawaza: yule mpokezi angekuwa Tanga angesema nini? Angesema "karibu baba". Si baba yake. Dereva wa daladala anaponiita "dada" sijawahi kumwuliza tumezaliwa tumbo gani. "Love" la Sheffield ni "dada" la Tanga, limevaa koti la baridi tu. Nikachukua kalamu nyekundu.

Yapo mengine nayapita haraka. Daktari wa London aliyetamka "three" kama "free", nikasema vidonge vya bure badala ya vitatu, na mgonjwa, ambaye alijua England dawa za kuandikiwa hulipiwa, akamshukuru Mungu kwa sauti. Na mzee aliyeulizwa habari za "waterworks" zake. Nilichowaza mimi ni mamlaka ya maji. Nikamwuliza kama maji yake yako sawa, akajibu kwa uaminifu kwamba bomba la jikoni linavuja tangu Novemba na mwenye nyumba hapokei simu. Daktari alikuwa anauliza habari za kukojoa. Ilichukua dakika tatu kuelewana, na bomba sijui kama lilitengenezwa.

Yorkshire ina jingine la hatari. Huku "while" ni "mpaka". Duka liko wazi "nine while five", yaani saa tatu mpaka saa kumi na moja. Siku moja muuguzi akasema mgonjwa asile kitu "while six". Sentensi ilinikwaruza sikio. Mwalimu wangu angemsimamisha muuguzi yule mpaka kengele. Kwa kuwa ilinikwaruza, nikasema lile fungu letu la kazi, "mkalimani anaomba ufafanuzi", nikaelezwa, nikavusha salama: usile mpaka saa kumi na mbili jioni. Baadaye nikalikuta neno hilo hilo, kwa maana hiyo hiyo, ndani ya Macbeth ya Shakespeare, "while then, God be with you", na mtu anayesema hivyo ni mfalme. Nimeacha kushangaa. Kila ninapodhani nimemkamata Mwingereza anakosea, babu yake mkubwa anatoka kaburini kumtetea.

Kitu ambacho hakina babu wa kukitetea ni Kiingereza cha barua za wakala wetu. "Going forward." "Reach out." "Touch base." Hiki hakikutoka kinywani mwa mtu yeyote mwenye njaa au mwenye furaha. Kimetoka mkutanoni. Siku walipopunguza malipo yetu kwa dakika, barua ilianza kwa kusema wanafurahi "to share". Sijawahi kuona mtu akikugawia kitu kwa kukuchukulia.

Nami pia nina yangu. Bila shaka upande wa pili wa simu kuna mtu mwenye daftari, na mimi nimo. Mwenzangu alijikwaa kwenye ngazi, nikasema "sorry". Akauliza, "Kwa nini, umenisukuma?" Kwetu mtu akijikwaa unasema pole hata kama uko ng'ambo ya barabara, nilikuwa nimelitia neno la Tanga ndani ya gamba la Kiingereza. Nilikuwa nainuka mezani nikisema "I'm coming", halafu natoka nje, nao wanabaki wanatazama mlango. Nakuja, si ndivyo tunavyosema tukiondoka? Nilimwambia rafiki ambaye hatukuonana mwezi mzima, "You are lost!" Akatazama jina la mtaa.

Kiswahili changu nacho kimeanza kuoza. Nilikuwa naongea na mama Jumatano moja, namweleza mambo ya kodi ya nyumba, nikasema, "Mwisho wa siku, mama, lazima nihame."

"Mwisho wa siku ipi?"

"Yaani, hatimaye."

"Basi sema hatimaye. Nimekaa hapa nafikiri unahama leo jioni."

Akaendelea, maana mama akianza haishii hapo: kwamba nasema "kiukweli" kila baada ya pumzi kana kwamba zilizobaki ni uongo, kwamba nimemwambia "nimekumiss" kama mtu wa redio. Nikajitetea kwamba hata watangazaji wanasema hivyo. "Ndiyo nimesema," akajibu.

Nami sikuwa bora kwa Wakongo. Simu zangu nyingi ni zao. Kuanzia 2004 Uingereza ilikuwa na mpango wa kuwaleta wakimbizi moja kwa moja kutoka nchi walizokimbilia, na Sheffield ulikuwa mji wa kwanza kuwapokea. Miji kadhaa ya kaskazini ikapata Wakongo wake. Kiswahili chao ni cha Kivu na Katanga: "bintu byote", "ao" badala ya "au", "iko mugonjwa". Miezi ya kwanza nilikuwa nawajibu kwa Kiswahili sanifu chenye wanga, polepole, kama ninayewafundisha. Kibao cha getini kilikuwa kimehamia kichwani mwangu. Hakuna aliyeniandika namba moja, au kama waliniandika hawakuniambia.

Sasa chai.

Ilikuwa Februari. Muuguzi alizungumza na mama mmoja wa Uvira, mashariki mwa Kongo, ambaye damu yake ilikuwa imepungua na alikuwa amepewa vidonge vya madini ya chuma. Vidonge vikamchafua tumbo. Muuguzi akasema, kwa sauti ya mtu anayeharakisha, "Tell her to have it with her tea." Kila neno la sentensi hiyo nililijua tangu darasa la tatu. Hakuna "pop", hakuna "love", hakuna kilichokwaruza. Nikasema, "Kunywa dawa pamoja na chai yako ya jioni."

"Na chai?"

"Na chai, mama."

"Sawa, dada. Aksanti."

Simu za ukalimani hazirudi. Unapokea, unavusha, inakatika, inayofuata ni ya mtu mwingine mji mwingine. Lakini wiki kama sita baadaye ikaingia simu ya daktari, na nikaitambua sauti ya yule mama kabla hajamaliza kujitambulisha. Daktari hakufurahi. Damu haijapanda hata kidogo. Je, anakunywa dawa kweli?

Mama akaumia kwa swali hilo. "Nakunywaka kila mangaribi," akasema, "na chai, ya kukolea, vile mulisema."

Vile mulisema. Nilikuwa nimeanza kuitafsiri sentensi hiyo mdomo ukiwa wazi, ndipo nikaona ni yangu. Nilikuwa nimeishi Sheffield muda wa kutosha kualikwa "for tea" na kukuta viazi, njegere na soseji. Nilijua kwamba huku kaskazini "tea" ni chakula cha jioni, kile cha sahani. Nilijua nikiwa mezani. Nilipokuwa kazini sikujua, kwa sababu neno lilikuwa dogo na la kawaida na lilipita kama mwenye nyumba anayeingia kwake. Miaka yote nilikuwa nimeweka askari langoni kukagua "aks" na "haitch", ambayo hayajawahi kumdhuru mgonjwa yeyote, na hili nililifungulia mwenyewe na kulipigia saluti.

Na chai, kati ya vinywaji vyote. Chai hushika madini ya chuma tumboni na kuuzuia mwili kuyafyonza. Ukitaka kidonge cha chuma kisifanye kazi, huna haja ya kukitupa; kinywe na chai ya kukolea.

Nilisema, "Mkalimani anaomba kuzungumza kwa niaba yake mwenyewe." Nikaeleza: kosa si la mama, ni langu, nilikosea tarehe fulani, neno fulani. Nikarudia yote kwa Kiswahili ili mama naye asikie, maana nisingeweza kukiri kwa lugha moja tu. Moyo ulikuwa unapiga hadi kwenye hedifoni.

Daktari alinyamaza. Lafudhi yake ilikuwa ya kusini, ya watu wanaoita chakula hicho "dinner". "Ah," akasema. "Northern tea." Akaomba nambari yangu ya utambulisho, akaandika, kama ilivyo haki yake. Wakala walinipigia siku iliyofuata. Hiyo ni habari nyingine.

Kisha daktari akarudi kwa mgonjwa. Akaeleza anywe kidonge asubuhi katikati, na maji au maji ya machungwa, akae mbali na chai kwa saa mbili hivi, na jioni aendelee na "tea" yake na familia kama kawaida. Nilivusha yote mpaka nilipofika kwenye neno lile nikasita. Mama akanisikia nikisita.

"Dada," akasema, "muulize vizuri. Chai ya kikombe, ao chai ya sahani?"

Nikamwuliza daktari.